Saa Nne za Ruracio Kwenye Diski Moja

Nyumba nyingi za zamani za Muthangari, Nairobi, zinabomolewa kupisha majumba ya ghorofa, na watu wanapohama ndipo makatoni ya kaseti za VHS yanapojitokeza: ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) ya 1991, harusi ya kanisani St. Austin's, ubatizo wa watoto ambao leo wana watoto wao. Wenyewe hutaka zote zihamie kwenye DVD moja, na picha ibaki ileile. Ombi hilo linawezekana kwa kiasi, na kiasi chenyewe hujulikana kwa kugawanya tu.

DVD ya kawaida ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, yaani biti bilioni 37.6. Kompyuta itakuonyesha 4.37 kwa sababu huhesabu kwa 1,024 badala ya 1,000. Diski si mbovu. Gawa biti hizo kwa sekunde za video yako. Saa mbili zinakupa megabiti 5.2 kwa kila sekunde, saa tatu 3.5, saa nne 2.6 tu. Punguza kidogo kwa ajili ya menyu, halafu toa sauti. Hapo kwenye sauti wengi hupoteza nafasi bila kujua: sauti isiyobanwa hula megabiti 1.5 kwa sekunde, zaidi ya nusu ya fungu lote la video ya saa nne. Ibane kwa Dolby Digital ya kilobiti 192. Kwa sauti iliyotoka kwenye VHS, hakuna sikio litakalolalamika.

Kinachobaki ni cha picha, na hapa inafaa kuelewa MPEG-2, mfumo wa DVD, unavyofanya kazi. Hauhifadhi kila fremu nzima. Huhifadhi fremu moja kamili, kisha katika zinazofuata huandika yale tu yaliyobadilika, mpaka ifike fremu kamili nyingine, takriban nusu sekunde baadaye. Ndiyo maana mzee aliyeketi akizungumzia mbuzi wa mahari hugharimu biti chache, lakini akina mama wakiingia getini kwa nyimbo na vigelegele, huku kamera ya begani ikiyumba, biti huisha na picha hukatika miraba-miraba.

Kaseti kuukuu ina adui mwingine: chenga. Kila chembe huwa mahali tofauti katika kila fremu, kwa hiyo programu ya kubana huichukulia kama kitu kinachotembea na kuipa biti ambazo zingekwenda kwenye uso wa bibi harusi. Safisha chenga kabla ya kubana, ila kwa mkono mwepesi, la sivyo nyuso zitakuwa kama zimepakwa nta. Ule ukanda unaotetemeka chini kabisa ya picha ufunike kwa rangi nyeusi. Televisheni nyingi za zamani huuficha hata hivyo.

Sasa ukubwa wa picha. Hapa Kenya kaseti zilirekodiwa kwa mfumo wa PAL, na DVD ya PAL huwa na pikseli 720 kwa 576. VHS haina maelezo ya kujaza upana huo. Huishia kwenye mistari kama 240 hivi kwa upana. Kanuni za DVD zinaruhusu pia 352 kwa 576, na kwa kaseti ya VHS mimi hushauri huo bila kusita: pikseli zinapungua nusu, hivyo kila moja inapata biti maradufu. Punguza upana, usiguse urefu. Ile mistari 576 imebeba nusu-picha mbili zilizosukwa pamoja, na ukiipunguza ovyo mwendo wa ngoma utaanza kukwamakwama. MiniDV ni habari nyingine kabisa. Kaseti hizo ndogo za kidijitali zina maelezo mengi, ziache kwenye 720.

Iagize programu ipite mara mbili: mara ya kwanza inapima sehemu ngumu, ya pili inagawa biti kulingana na ugumu. Na bana mara moja tu, kutoka kwenye nakala ya kwanza iliyonaswa kwa ubora wa juu. Video iliyokwisha kubanwa ikibanwa tena, kasoro za mwanzo hubanwa pamoja nayo.

Kwa hiyo MiniDV isizidi saa mbili kwa diski, VHS isizidi tatu. Ruracio ya saa nne igawe kwenye diski mbili, ukate pale chakula kinapoandaliwa. Diski ya tabaka mbili yenye gigabaiti 8.5 ipo, lakini deki nyingi za zamani huikataa, na anayepelekewa mara nyingi ni mzee mwenye deki ya aina hiyohiyo. Nakala ya kwanza usiifute. Iweke kwenye diski kuu ya nje, kwa kuwa rangi iliyomo ndani ya DVD ya kuchoma huharibika, hasa ikiachwa juani.

Kabla ya kuiachia kompyuta ifanye kazi usiku kucha, kata dakika moja ya ngoma iliyochangamka kuliko zote, uibane kwa kiwango ulichokokotoa, uichome kwenye diski inayofutika, uitazame kwenye televisheni ya sebuleni. Ukiona miraba kwenye vitambaa vya akina mama, ongeza diski.