Tusipojichorea Ramani, Tutaandikwa "Hapana Kitu"

Miaka kadhaa iliyopita walikuja maafisa kijijini kwetu na ramani kubwa iliyokunjwa. Wakaitandika juu ya jamvi nje ya msikiti, wazee wakainama kuitazama. Bahari ilikuwepo, barabara kuu ilikuwepo, na katikati palikuwa peupe. Mzee mmoja akaweka kidole pale peupe, akauliza, "Na hapa?" Akajibiwa, "Hapo hapana kitu, mzee."

Hapo pasipo na kitu ndipo tulipokuwa tumekaa. Kulikuwa na kisima cha waqfu, makaburi ya babu zetu, minazi, na njia ya kuteremkia kwenye diko la wavuvi.

Afisa yule hakusema uongo, alisoma karatasi yake. Aliyeichora ndiye ambaye hakuuliza wenyeji. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia elimu hii ya ramani za kompyuta, ambayo wataalamu huiita mfumo wa taarifa za kijiografia. Jina ni zito, lakini kazi yenyewe inaeleweka.

Chukua karatasi nne nyembamba za kunakilia. Ya kwanza chora nyumba za mtaa wako, ya pili visima, ya tatu vyoo vya shimo, na ya nne nyumba zilizopata wagonjwa wa kuhara. Zipange moja juu ya nyingine, kisha zitazame kwenye mwanga. Utaona jambo ambalo hakuna karatasi moja iliyokuonyesha. Kompyuta hufanya hivyo hivyo, ila kila alama inakaa mahali pake halisi kwa vipimo vya satelaiti, vile vile ambavyo simu yako inavipokea.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu wengi mtaa wa Soho, London. Wakati ule wengi waliamini kuwa maradhi yale huletwa na hewa chafu. Daktari John Snow akatia alama kwenye ramani kila palipotokea kifo, na alama zikarundikana karibu na pampu ya maji ya Broad Street. Mpini wa pampu uliondolewa. Sisi tunaoishi juu ya mawe ya matumbawe, ambayo hupitisha maji upesi kutoka chooni hadi kisimani, tuna haja kubwa ya ramani kama ile.

Na si lazima tungoje wageni. Kwa jirani zetu wa Dar es Salaam ulianza mradi wa Ramani Huria mwaka 2015. Wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walitembea wakirekodi nyumba, vichochoro na mitaro katika kata zinazofurika mvua ikinyesha. Kazi yao waliiweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuisahihisha bila malipo.

Picha za satelaiti nazo zina faida yake. Ukilinganisha ya miaka ishirini iliyopita na ya leo, utaona mikoko ilipopungua na ilipoota tena. Lakini kutoka angani yote ni kijani. Anayejua hapa ni mkandaa na pale ni mchu, wapi kaa wanapatikana na wapi boriti zilikatwa usiku, ni mtu wa hapa hapa.

Kwetu pwani jambo hili linagusa ardhi moja kwa moja. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka jamii ijisajili na ardhi yake ipimwe mipaka kabla ya kupewa hati. Ramani tutakayochora wenyewe si hati, na mpima ardhi wa serikali bado atahitajika. Lakini siku atakapokuja atakuta kisima kina jina, makaburi yana mahali, na njia ya wavuvi imeandikwa. Kumwambia mtu "hapana kitu" itakuwa vigumu.

Tahadhari moja lakini. Si kila kitu ni cha kuanikwa. Misitu ya kaya ya ndugu zetu Wamijikenda ina sehemu ambazo wazee wake hawaruhusu kila mtu azijue. Mvuvi naye hapendi mwamba wake wa samaki uonekane na dunia nzima, na nyumba ya mgonjwa ni siri yake. Kwa hivyo wazee na akina mama wakae kwanza waamue kipi kitawekwa wazi na kipi kitabaki kwenye daftari la kijiji.

Vijana wetu wanashinda barazani na simu mkononi. Wawili watatu kati yao, wakifuatana na mzee mmoja mwenye kumbukumbu, wanaweza kuanza Jumamosi hii kwa visima peke yake. Programu ya QGIS ya kupangia tabaka hizo haina malipo, na kompyuta moja ya kukopa inatosha.

Mzee aliyeweka kidole pale peupe ametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Amezikwa pale pale alipoambiwa hapana kitu. Kaburi lake bado haliko kwenye ramani.