Meza ya taa ya kujitengenezea (2): Tuchague bodi gani?

Katika sehemu ya kwanza tuliona kwamba taa za rangi zinazopamba kumbi za harusi na sendofu mjini Bukoba, na zile za matamasha ya kwaya huko Muleba, hupokea amri kwa utaratibu mmoja uitwao DMX512, uliowekwa Marekani mwaka 1986. Tukakubaliana pia kwamba fundi anaweza kujiundia meza yenye vitelezi 16, kama vile vya mikisa ya sauti, ili kila kimoja kipandishe na kushusha mwanga wa taa yake. Sasa tunafika kwenye swali linalowagawa mafundi wengi: bodi ipi ya maikrokontrola isome vitelezi hivyo? Wengi huanza kwa kulinganisha kasi na ukubwa wa kumbukumbu. Ninadai kwamba hapo ndipo wanapopotea njia. Linalopaswa kuamua ni mambo mawili: bodi inazungumzaje na kompyuta, na siku ikiungua, nani atairudisha kazini.

Tuanze na hesabu. Njia moja ya DMX hubeba chaneli 512, na kila chaneli ni baiti moja, yaani ngazi 256 za mwanga. Kila baiti huchukua mikrosekunde 44 kupita kwenye waya, kwa hiyo kuzituma zote huchukua kama milisekunde 23, sawa na mara 44 hivi kwa sekunde. Sasa chukua Arduino Uno, bodi ya kizazi kilichoanzia Italia mwaka 2005. Chipu yake, ATmega328P, ina kumbukumbu ya baiti 2,048 tu, lakini chaneli zote 512 zinaenea humo na nafasi inabaki. Kusoma kitelezi kimoja kunaichukua mikrosekunde 100 hivi. Vitelezi 16 vinakwisha kabla ya milisekunde mbili. Maana yake, hata bodi inayoitwa dhaifu inaweza kuizunguka meza nzima zaidi ya mara kumi kabla DMX haijamaliza mzunguko mmoja. Anayenunua chipu kubwa kwa sababu ya kasi peke yake amekodi lori la tani kumi kubeba mkungu mmoja wa ndizi.

Kwa nini basi tusibaki na Uno, ambayo vijana wengi wameanza nayo kujifunza? Kikwazo kiko kwenye USB. Chipu yake kuu haizungumzi na kompyuta moja kwa moja. Kazi hiyo hufanywa na chipu ya pili iliyo pembeni, na kompyuta huiona bodi kama mlango wa data tu. Programu ya taa kama QLC+, ambayo ni ya bure, inapendelea kupokea vitelezi kwa MIDI, utaratibu wa tangu 1983 wenye ngazi 128. Ili Uno ionekane kama kifaa cha MIDI, ama uweke programu ya kati kwenye laptopu, ama ubadilishe programu ya ile chipu ya pili. Ukitumia njia ya kwanza, mtu mwingine akija kuendesha shughuli na laptopu yake isiyo na programu hiyo, meza inakuwa bubu. Zaidi ya hayo, mlango pekee wa Uno wa kutuma data kwa mtindo unaofaa DMX ndio huohuo unaotumiwa na USB, hivyo kuunganisha kompyuta na DMX kwa wakati mmoja ni kuvigombanisha.

Raspberry Pi Pico, iliyotoka Januari 2021 kwa bei ya dola nne, inaondoa matatizo hayo mawili. USB imo ndani ya chipu yenyewe, hivyo inaweza kujitambulisha kama kifaa cha MIDI bila msaada wa kitu kingine. Wakati huohuo inaweza kutuma DMX kwa pini nyingine, na laptopu ikizimika, meza ikiwa na chanzo chake cha umeme inaendelea kuziongoza taa. Lakini sifa kubwa zaidi iko kwenye matengenezo. Ukibonyeza kitufe chake kidogo huku ukichomeka waya wa USB, Pico hujitokeza kwenye kompyuta kama flashi. Unanakili faili moja ndani yake, kazi imekwisha. Kwa fundi aliye Muleba, mbali na maduka ya Kariakoo kwa zaidi ya kilomita 1,300, hilo lina uzito zaidi kuliko megahezi zozote. Hahitaji kujua kuandika programu. Anahitaji bodi ya akiba na faili iliyotunzwa.

Wako watakaopinga kwamba Pico ina pini tatu tu za kusoma volti zinazopanda na kushuka, na vitelezi ni 16. Ni kweli, ila chipu ya kuchagua njia, 74HC4067, huunganisha vitelezi vyote 16 kwenye pini moja na kuvisoma kimoja baada ya kingine, kwa kuamriwa na pini nne. Pingamizi la pili ni zito zaidi: usomaji wa volti wa Pico una mtetemo na kasoro zinazojulikana. Lakini chipu ya Pico inagawa volti katika ngazi 4,096, nasi tunahitaji 128 za MIDI, hivyo kila ngazi yetu ina nafasi ya hatua 32. Kuchukua wastani wa usomaji wa mara kadhaa na kupuuza mabadiliko madogo kunatosha kutuliza taa. La kuzingatia ni kwamba Pico hufanya kazi kwa volti 3.3: vitelezi vilishwe volti hizo, kamwe si 5, na chipu ya kusukuma DMX iwe MAX3485, si MAX485 iliyozoeleka.

Wengine watatetea ESP32 kwa sababu ina Wi-Fi. Katika ukumbi uliojaa simu, waya unategemewa zaidi kuliko mawimbi. Isitoshe, kwenye ESP32 ya mwanzo sehemu ya pini za kusoma volti haitumiki Wi-Fi ikiwa imewashwa, na USB yake pia hupitia chipu ya pembeni.

Uamuzi wangu basi ni Pico, kwa sharti moja. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi Afrika, na waya mrefu wa DMX ni njia rahisi ya umeme mbaya kuingia mezani. Weka kitenganishi cha umeme kati ya bodi na waya huo, na usiichomelee Pico moja kwa moja; ikalishe kwenye soketi ili ing'olewe kwa mkono. Nunua mbili, na ya pili uikabidhi kwa ukumbi pamoja na faili yake.

Itaendelea.