Unajiunga na Klabu ya Baiskeli Migori au Homa Bay? Panga Pesa Kabla ya Safari

Kuendesha baiskeli na kikundi wikendi si mashindano. Mnakutana asubuhi, mnaenda kwa mwendo mmoja, mnapumzika, mnarudi nyumbani. Lakini safari nzuri inaweza kuharibiwa na jambo dogo la pesa. Haya hapa mambo manne tunayokushauri uyaweke sawa mapema.

1. Ijue barabara, weka nauli kando
Ukitoka Migori kwenda Homa Bay, unapita Awendo hadi Rongo, halafu unaacha barabara kuu na kushika ile ya kuelekea ziwani. Rongo iko juu; Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Maana yake, kwenda unateremka, kurudi unapanda mlima ukiwa umechoka. Kama ni mara yako ya kwanza, omba safari fupi. Na uwe na nauli ya matatu, yako na ya baiskeli. Kurudi na gari si aibu.

2. Uliza mchango unaenda wapi
Mkichanga pesa ya maji, chai au fundi, uliza: ni ngapi, inatumwa namba gani, na nani mwingine anaona hesabu? Pesa ya kikundi ikikaa kwa simu ya mtu mmoja, siku simu ikipotea nyote mmekwama. Afadhali klabu iwe na namba yake ya till au paybill. Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina lililo kwa skrini. Kama silo, kata.

3. "Samahani, nimetuma kimakosa"
Wakati kila mtu anatuma mchango, tapeli hupata mwanya. Ukipata ujumbe kwamba umetumiwa pesa, kisha mtu apige akilia umrudishie, usiharakishe. Angalia salio kwanza. Ujumbe mtu yeyote anaweza kuandika, lakini salio halidanganyi. Ikiwa pesa imeingia kweli, mwambie aombe kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja. PIN usimpe mtu, hata akisema anapiga kutoka kwetu.

4. Pancha haichagui mahali
Chaji simu usiku, uibebe ndani ya mfuko usiopitisha maji, maana mvua ikikupata huna pa kujificha. Kumlipa fundi hakuhitaji bando: ile menyu ya nyota na reli inafanya kazi hata kwa kabambe. Ila network lazima iwepo, kwa hivyo beba noti kidogo pia. Na ukitaka kutumia simu, toka barabarani kabisa. Kati ya Awendo na Rongo kuna lori na trekta za miwa, na hizo hazisimami ghafla.

Mwisho, mpe kiongozi wa safari namba ya mtu wa nyumbani, apigiwe ukianguka.

Hayo yakiwa sawa, kilichobaki ni kukanyaga pedali. Safari njema!