Nani Alimwita Mchungaji Huyu?

Mhubiri akitarajiwa kutoka ng'ambo, sisi wa Theta, hapa Juja, hujua mapema. Picha yake hubandikwa kwenye nguzo za stima na kuta za maduka, hema na viti vya plastiki hukodishwa, na akina mama wa kanisa hugawana zamu za jikoni. Siku ikifika, mgeni husimama na kuhubiri kwa Kiingereza, huku kijana wa hapo hapo akimfasiria sentensi kwa sentensi, kwa Kiswahili au Kikuyu. Watu huuliza ametoka nchi gani. Ni wachache wanaouliza ameitwa na nani, na atakapokuwa hapa atakuwa chini ya nani.

Maswali hayo mawili yana uzito, na pande hizi za Juja, Ruiru na Thika zimeyajibu kwa vitendo kwa zaidi ya miaka 100.

Upande wa magharibi, ukishaipita Ruiru na mashamba yake ya kahawa, kuna Kambui. Hapo ndipo William Knapp na mkewe Myrtle, Wamarekani wa shirika la Gospel Missionary Society, walipojenga misheni mwanzoni mwa karne ya 20. Hawakuitwa na mwenyeji yeyote. Walitumwa na waumini wa kwao. Walifundisha kusoma na kuandika, na mmoja wa vijana waliopita mikononi mwao, Harry Thuku, alikuja kuwa sauti kubwa ya kwanza ya kupinga ukoloni jijini Nairobi, hadi serikali ilipomkamata Machi 1922. Kazi ya misheni ile haiwezi kubezwa. Lakini misheni ilikuwa mali ya wageni, na neno la mwisho lilikuwa lao.

Hilo lilidhihirika mwaka 1929. Misheni kadhaa za Kiprotestanti, Kambui ikiwa mojawapo, ziliwataka Wakristo Wakikuyu watie sahihi au alama ya kidole gumba kukana tohara ya wasichana, na pamoja nayo wakane chama cha Kikuyu Central Association, kilichokuwa kikidai ardhi iliyonyakuliwa na walowezi. Kuhusu tohara, wamisionari walikuwa na hoja nzito ya kiafya, na leo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inaharamisha ukeketaji. Kosa lao lilikuwa kuunganisha usalama wa mwili wa msichana na siasa ya ardhi katika kiapo kimoja, kisha kumpa muumini karatasi asaini au atoke. Waumini wengi walitoka. Wakajenga shule zao wenyewe chini ya vyama viwili, KISA na Karing'a.

Shule walikuwa nazo sasa, na makanisa pia. Mchungaji aliyewekewa mikono hawakuwa naye, na bila yeye hapakuwa na wa kubatiza watoto wala wa kufungisha ndoa.

Ndipo likaja jambo ambalo vitabu vingi vya historia hulipa mistari michache tu, ingawa linastahili sura nzima. Mwaka 1932, James Beauttah, mmoja wa viongozi wa Wakikuyu, alikutana Mombasa na Daniel William Alexander, Askofu Mkuu wa African Orthodox Church kutoka Afrika Kusini, aliyekuwa safarini kurudi kwao baada ya kuitembelea Uganda. Mazungumzo yao yalizaa barua, na barua zikazaa mwaliko. KISA ilichangisha nauli. Mwishoni mwa 1935 Alexander aliwasili na kufungua chuo kidogo cha theolojia huko Gituamba, Murang'a. Alibatiza watu wengi kila alikozunguka, lakini kazi aliyoitiwa hasa ilikuwa kufundisha. Katikati ya 1937 aliwawekea mikono wanafunzi wake, Daudi Maina na Arthur Gatung'u Gathuna wakiwemo, kisha akapanda meli kurudi kwao.

Ukimlinganisha na mgeni wa Kambui, tofauti ni kubwa. Alexander aliitwa na wenyeji, akagharamiwa na wenyeji, akapewa kazi yenye mwanzo na mwisho. Alipoondoka, wanafunzi wake hawakuendelea njia moja. Wengine wakawa nguzo ya kanisa huru la AIPCA, naye Gathuna akaliongoza kundi lake hadi likapokewa na Patriaki wa Kiothodoksi wa Alexandria. Alexander hakubaki kuwaamulia. Makanisa hayo yalipigwa marufuku wakati wa Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni miaka ya 1950, yakarejea baada yake, na yapo mpaka leo.

Misheni ya Kambui nayo iliungana na Wapresbiteri mwaka 1946, na ni katika kanisa hilo, PCEA, alikoinuka John Gatu, mwana wa Kiambu aliyewahi kuwa askari katika Vita vya Pili vya Dunia. Akiwa Katibu Mkuu wa PCEA alialikwa Milwaukee, Marekani, mwaka 1971, kuzungumza kwenye kongamano la misheni. Safari hii mchungaji mgeni alikuwa Mkenya, na wasikilizaji ndio waliozoea kutuma. Gatu aliwaomba wawaondoe wamisionari wao katika nchi za ulimwengu wa tatu kwa muda usiopungua miaka 5, ili makanisa ya huko yajifunze kusimama kwa miguu yake. Ukumbi ulitikisika, na hata Afrika wapo wachungaji waliomkasirikia, maana mishahara na hospitali zilitegemea fedha hizo. Mkutano wa makanisa ya Afrika uliofanyika Lusaka mwaka 1974 uliunga mkono wito wake. PCEA ikashika kaulimbiu ya Jitegemea, na makao yake makuu Nairobi yakaitwa hivyo. Gatu hakuwachukia wageni; alitaka mwenyeji awe na nafasi ya kusema ndiyo au hapana.

Kwa kanisa dogo la Theta, nafasi hiyo ipo kisheria. Anayekuja Kenya kufanya kazi ya dini kwa muda mrefu huhitaji kibali cha kazi cha daraja la I, na ombi hupitia kwa kanisa au shirika linalomkaribisha. Kanisa Katoliki lina utaratibu wake: padri asiyejulikana huonyesha barua ya mkuu wake, iliyotolewa ndani ya mwaka mmoja, kabla ya kuruhusiwa kuadhimisha misa. Baraza la wazee linaloomba barua kama hiyo halimvunjii mgeni heshima. Linawalinda waumini, ambao mara nyingi huweka sadaka mikononi mwa mtu waliyemwona kwa siku tatu.

Siku hizi safari ni za pande zote mbili. Wachungaji na mapadri Wakenya wanahudumu Marekani na Ulaya, na huko wao ndio wanaodaiwa karatasi. Viza ya Marekani ya watumishi wa dini, R-1, humtaka mwombaji awe muumini wa dhehebu lake kwa angalau miaka 2, na humpa muda usiozidi miaka 5. Padri hutumwa parokia ambayo waumini wake wengi ni wazee wenye ngozi nyeupe, wanaomwomba aseme polepole. Mchungaji wa Kiprotestanti mara nyingi huwahudumia Wakenya wenzake katika jengo la kukodi, mchana, wenye jengo wakishamaliza ibada yao. Humo huimba kwa Kikuyu na Kiswahili mbele ya watoto waliozaliwa huko wanaoelewa nusu ya mahubiri, na mchungaji hulazimika kutafuta mkalimani wa kuwafasiria kwa Kiingereza.