Binti na Dagaa

Katika ufuko wa Ziwa Tanganyika, Ujiji na Kigoma, wavuvi hutoka jioni siku za giza, wakati mwezi hauonekani. Huwasha taa majini. Dagaa huifuata nuru, nao hunaswa wavuni. Alfajiri mitumbwi hurudi, na kazi ya akina mama huanza. Yapasa dagaa waanikwe mapema, maana huoza upesi, na mvua ikiwanyeshea huharibika.

Basi mama huwaita binti zake wamsaidie. Mmoja huanika, wa pili hugeuza, mdogo hufukuza kunguru. Hivyo hujifunza kazi ya kwao. Lakini saa ya kuanika ndiyo saa ya kwenda shule. Binti akibakizwa leo, na kesho tena, masomo humpita kila siku za giza zirudipo.

Wazazi wenye busara hufanyaje? Huanika juu ya chanja, si mchangani. Upepo hupita chini, na dagaa hukauka upesi wala hawashiki mchanga. Tena huwaita na wana wa kiume. Kazi igawanywapo, binti huwahi darasani. Dagaa wakiharibika, watavuliwa wengine. Siku za masomo zikipita hazirudi.