Mapumziko Kati ya Mikataba: Anayejitegemea Hujiandalia Likizo Mwenyewe

Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi wa Tanzania Bara anastahili likizo ya mwaka yenye malipo isiyopungua siku 28 mfululizo katika kila mzunguko wa miezi 12. Mama aliyejifungua anastahili siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Haki hizo zimezoeleka kiasi kwamba aliye kwenye ajira ya kudumu hazifikirii mpaka zinapofika. Hata hivyo, lipo kundi kubwa la wakusanyaji wa takwimu, wafasiri, wapiga picha, watengenezaji wa programu za kompyuta, washauri wa miradi na waongoza watalii ambao huishi kwa mkataba wa miezi michache, kisha kusubiri, kisha mkataba mwingine. Kwao, siku ya mwisho ya mkataba haiji na barua ya likizo wala mshahara unaoendelea kuingia. Huja na siku tupu, na familia iliyokuwa ikizisubiri siku hizo.

Kwa macho ya jirani, anayepumzika na aliyekosa kazi hawatofautiani, kwa kuwa wote wawili wanaonekana nyumbani saa nne asubuhi. Tofauti iko kwenye mambo mawili: aliyepumzika anajua siku atakayorudi kazini, na anajua chakula cha siku hizo kilikwisha kulipiwa na kazi ipi. Pasipo mambo hayo, hata mtu aliyefunga kompyuta yake kwa nia njema ili awe na watoto hukaa nao akiwa ameshika simu, akingoja ujumbe wa kazi.

Kabla ya kujihesabu kuwa hana likizo, mhusika anapaswa kwanza kuutazama mkataba wake. Jina lililoandikwa juu ya karatasi, liwe "mkataba wa huduma" au "mshauri mwelekezi", halimalizi suala. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inaelekeza kuwa mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, endapo lipo angalau jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa: kwamba namna au saa zake za kazi ziko chini ya maelekezo ya mwingine, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kwa kipato, anapewa naye vitendea kazi, au hafanyi kazi kwa mwingine yeyote. Mpiga picha anayepokea kazi kwa wateja sita tofauti na kutumia kamera yake ni mtoa huduma. Anayeripoti ofisi moja kila asubuhi kwa miezi minane, akitumia kompyuta ya ofisi hiyo, huenda ni mwajiriwa aliyepewa jina jingine.

Kwa mwajiriwa wa mikataba mifupi, sheria ina kifungu ambacho wengi hawakifahamu. Kwa kawaida, mwenye utumishi wa chini ya miezi sita hastahili likizo yenye malipo. Lakini aliyefanya kazi zaidi ya mara moja kwa mwajiri yuleyule ndani ya mwaka anastahili, iwapo jumla ya vipindi hivyo imezidi miezi sita. Mtu aliyeitwa mara tatu na mwajiri mmoja, kila mara kwa wiki 10, amefikisha wiki 30 na amevuka mpaka huo, ingawa hakuna mkataba hata mmoja uliofika miezi mitatu. Likizo ambayo hakuichukua hulipwa ajira inapokoma, kwa kiwango cha mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Fedha hizo si bahati wala hisani, na kwa familia nyingi zingetosha kulipia wiki mbili za kukaa pamoja bila kukopa.

Muda wa kudai nao una kikomo. Mgogoro kuhusu kuachishwa kazi unapaswa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Anayeamua kupumzika kwanza miezi miwili na kuuliza haki zake baadaye anaweza kukuta mlango umefungwa, na kuufungua kwahitaji maombi maalumu yenye sababu za ucheleweshaji.

Aliye mtoa huduma kweli hana wa kumdai. Likizo yake lazima iwe ndani ya bei. Hapa ndipo kosa kubwa hutokea, nalo hutokea siku ya kupatana malipo, muda mrefu kabla ya siku ya kupumzika. Chukua kaya inayohitaji shilingi 1,500,000 kwa mwezi, baada ya kodi na michango, yaani shilingi 18,000,000 kwa mwaka. Akikubali malipo ya shilingi 1,500,000 kwa mwezi kwa kuwa yanafanana na mshahara aliowahi kulipwa, na kazi zikapatikana miezi tisa, atamaliza mwaka akiwa na upungufu wa shilingi 4,500,000. Miezi mitatu iliyobaki, hata akiiita mapumziko, itakuwa ni miezi ya madeni. Kiwango kinachomfaa ni shilingi 2,000,000, kwa sababu miezi tisa ya kazi ndiyo inayolisha miezi 12 ya kula. Mteja anaweza kuona bei hiyo ni kubwa kuliko mshahara wa mwajiriwa anayefanya kazi hiyohiyo. Jibu ni kwamba mwajiriwa huyo analipiwa siku 28 za likizo, na mwajiri wake humchangia kwenye hifadhi ya jamii, gharama ambazo mtoa huduma hubeba mwenyewe.

Kodi nayo haichukui likizo. Anayelipwa ada ya huduma za kitaalamu hukatwa asilimia 5 kama kodi ya zuio, na wengi hudhani hapo deni limekwisha. Makato hayo ni malipo ya awali tu, yatakayohesabiwa kwenye ritani ya mwaka. Mwenye mwaka wa hesabu unaoishia Desemba hulipa kodi ya makadirio kwa awamu nne, Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31, na tarehe hizo humkuta popote alipo, hata akiwa kijijini kwa wazazi. Sheria inaruhusu kurekebisha makadirio ndani ya mwaka. Aliyepanga kutofanya kazi robo nzima ya mwaka ana sababu nzuri ya kufanya hivyo mapema, badala ya kulipa awamu iliyokadiriwa kwa kipato ambacho hatakipata.

Upande wa hifadhi ya jamii, anayejiajiri anaweza kujiandikisha na kuchangia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) mwenyewe. Kinachosahaulika ni uzito wa miezi inayorukwa. Pensheni ya uzee huhitaji michango ya miezi 180, ambayo ni miaka 15 kwa anayechangia bila kukatiza; anayeacha miezi mitatu kila mwaka atahitaji miaka 20 kuifikia. Fao la uzazi humtaka mwanachama awe amechangia miezi isiyopungua 36, na 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miezi 36 kabla ya wiki ya kujifungua. Mwanamke anayepanga kupata mtoto na kusimamisha mikataba kwa ajili hiyo anahitaji kuhesabu miezi hiyo kabla ya kusimama, kwani hiyo ndiyo likizo ya uzazi pekee ambayo mtu asiye na mwajiri anaweza kulipwa.

Baada ya fedha linakuja suala la majira, ambalo halina utatuzi rahisi. Waongoza watalii na wapagazi wa Mlima Kilimanjaro hupata nafasi wakati wa mvua za masika, kati ya Machi na Mei, wageni wanapopungua na baadhi ya kambi za hifadhini kufungwa. Wageni hurudi kwa wingi kuanzia Juni, kisha tena Desemba. Shule nazo hufunga Juni na Desemba. Hivyo baba ana nafasi watoto wakiwa darasani, na watoto wana nafasi baba akiwa mlimani. Desemba hiyohiyo ndiyo mwezi ambao koo za Kichaga hukusanyika Rombo, Machame na Marangu, chini ya mlima uleule anaopandisha wageni. Kwa familia kama hiyo, mapumziko ya Aprili hayawezi kuwa safari. Yatakuwa ni kumpeleka mtoto shuleni asubuhi, kumpokea, kukagua madaftari na kula naye usiku. Wapo watakaosema hayo ni madogo, lakini si kwa mtoto aliyezoea kumsikia baba yake kwa simu tu.

Nyumbani penyewe pana kazi ya kueleza. Ndugu wakijua mtu "yupo tu", ndiye atakayesimamia ujenzi wa shangazi, kumsindikiza mjomba hospitali na kufuatilia hati ya kiwanja. Baadhi ya majukumu hayo ni sehemu ya undugu na hayakwepeki, lakini yakiachwa bila mpaka humaliza siku zote zilizotengwa kwa ajili ya mwenza na watoto. Kwa wanawake mzigo ni mkubwa zaidi, maana mara nyingi msaidizi wa nyumbani hupewa ruhusa siku ileile mama anapoanza mapumziko, na kilichoitwa likizo kinageuka kuwa kufua, kupika na kulea kuanzia alfajiri. Ni vyema jambo hilo lijadiliwe na wanandoa kabla ya mkataba kwisha, pamoja na kiasi kilichopo na tarehe ya kurudi kazini.

Kwa wateja, mambo mawili yafanyike kabla ya kuondoka. La kwanza ni kuwasilisha ankara ya mwisho na kupata uthibitisho kuwa imepokelewa, kwa kuwa malipo ya taasisi nyingi huchukua siku 30 au zaidi, na ankara iliyobaki mezani hugeuza mapumziko kuwa ufuatiliaji wa deni. La pili ni kuwajulisha kwa maandishi tarehe za kutopatikana. Mteja aliyeambiwa Februari kwamba fundi wake hatakuwepo Aprili yote hupanga kazi yake ianze Mei. Asiyeambiwa hupiga simu mara tatu, kisha humtafuta mwingine.