Chumvi ya Siku Moja

Tarehe 13 Machi 2023 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipata Kanuni ya Dijitali, kwa sheria-amri nambari 23/010. Ndani yake mna sehemu inayohusu data binafsi, na imeagizwa pawe na mamlaka ya kuzilinda. Nchi nyingine za ukanda huu zilikuwa zimetangulia: Kenya na Uganda mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Mtu anaweza kudhani kwamba sheria za namna hii zinazihusu benki na kampuni za simu tu. Lakini hata mwalimu wa Katana, katika Kivu ya Kusini, anayefungua tovuti yake ndogo ili aeleze historia ya hospitali ya Fomulac, au kazi za watafiti wa kituo cha Lwiro, anaanza kushika data za watu siku ile ile mgeni wa kwanza anapobisha hodi.

Anazishika hata kama hajamwuliza mgeni jina. Kwa kawaida seva ya wavuti ina daftari lake, na kila ukurasa unapofunguliwa inaandika angalau mstari mmoja. Mstari huo husomeka hivi: 203.0.113.27, saa 19:42:10, ukurasa wa historia, simu ya Android, kivinjari cha Chrome. Tarakimu za mwanzo ni anwani ya IP. Hii iliyoandikwa hapa imetengwa kimataifa kwa ajili ya mifano, kwa hiyo si ya mtu yeyote. Katika daftari la kweli inakuwa ya mtu. Kwa mwenye tovuti anwani hiyo haina jina, ila kampuni iliyomuuzia mgeni intaneti inaweza kujua ni nani aliyekuwa akiitumia saa ile. Ndiyo maana Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Patrick Breyer dhidi ya Ujerumani, iliamua mwezi Oktoba 2016 kwamba anwani ya IP, hata ile inayobadilika kila mara, inaweza kuwa data binafsi.

Katika Kivu ya Kusini, ambako waasi wa M23 waliingia mji wa Bukavu mwezi Februari 2025, orodha ya nani alisoma nini na saa ngapi inaweza kumgharimu mtu maisha yake.

Katika kumlinda mgeni, mengine yanajulikana na hayahitaji maneno mengi. Cheti cha HTTPS, kinachowazuia watu wa njiani wasisome yanayopita kati ya simu na seva, kinapatikana bure tangu Let's Encrypt ilipoanza kazi mwaka 2015. Vidakuzi (cookies), mwenye tovuti ndogo anaweza kuviacha kabisa. Kigumu zaidi, na kitamu zaidi kukieleza, ni kuhesabu. Mwandishi yeyote anataka kujua leo amesomwa na watu wangapi. Aliyefungua kurasa tano ahesabiwe mara moja, si mara tano. Basi tovuti inatakiwa imtambue mgeni anaporudi, na papo hapo isimjue ni nani.

Hapo ndipo inapoingia hesabu ambayo wengine huiita heshi. Neno hilo halimwambii msomaji wa Kiswahili lolote, kwa hiyo katika makala haya itaitwa mtwango, maana kazi yake ni ile ile ya kinu na mchi. Majani ya muhogo yakishatwangwa yakawa sombe, hakuna fundi wa kuyarudisha kuwa majani. Mtwango nao hupokea maandishi yoyote, huyaponda, na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu ambao haurudi nyuma. Mtwango unaotumika sana, SHA-256, ulitangazwa Marekani mwaka 2001. Ukiutia herufi tatu, abc, unatoa alama 64 zinazoanza na ba7816bf. Ukiongeza herufi moja tu, abcd, zinatoka alama 64 nyingine kabisa, zinazoanza na 88d4266f. Ukiutia Biblia nzima, bado utatoa alama 64.

Kinu hiki kina tabia ambayo kinu cha nyumbani hakina. Majani yale yale hutoa sombe ile ile, punje kwa punje, leo na hata miaka mia ijayo. Ukiongeza jani moja dogo, sombe yote inageuka. Kwa hiyo tovuti inaweza kuitwanga anwani ya mgeni, ikaitupa anwani yenyewe na kubaki na sombe tu. Mgeni akirudi baada ya dakika kumi, anwani yake inatwangwa tena, sombe zinalinganishwa, na mtu anahesabiwa mara moja.

Je, kazi imekwisha? Bado. Mtu mwenye nia mbaya akiiba chungu cha sombe hahangaiki kuirudisha sombe kuwa majani. Anakwenda sokoni Kadutu, Bukavu, ananunua kila fungu la majani lililopo, anatwanga moja baada ya jingine, na kila mara analinganisha na sombe aliyoiba. Itakayofanana imemwambia majani yalikuwa yapi. Kwa anwani za IP soko hilo ni dogo mno. Anwani za aina ya zamani, IPv4, ni 4,294,967,296 tu, na kadi moja ya picha, ile wanayonunua wacheza michezo ya kompyuta, hutwanga mabilioni kwa sekunde. Namba za simu za Kongo ni soko dogo zaidi: baada ya +243 zinafuata tarakimu tisa, kwa hiyo haziwezi kuzidi bilioni moja. Anayetwanga namba za wageni wake namna hiyo na kuamini kwamba amezificha, hajaficha kitu.

Jiji la New York lilijifunza hivyo mwaka 2014. Lilikuwa limetoa kwa umma kumbukumbu za safari milioni 173 za teksi, namba za magari na za madereva zikiwa zimetwangwa kwa mtwango wa zamani wa MD5. Mhandisi mmoja wa programu alitwanga namba zote zinazowezekana, akalinganisha, na katika muda usiozidi saa mbili mafumbo yote yalikuwa wazi.

Dawa yake ni chumvi, na hilo ndilo jina walilolitumia Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs katika makala yao ya mwaka 1979 kuhusu nywila za Unix. Mpishi wa sombe hutia chumvi jikoni. Hapa chumvi huingia kinuni pamoja na majani. Ni mfuatano wa nasibu, unaojulikana na seva peke yake, unaounganishwa na anwani kabla ya kutwanga. Mwizi anaweza kununua soko zima na asipate sombe inayofanana, kwa kuwa hana chumvi ile. Nayo haibahatishwi: chumvi ya baiti 16 ina uwezekano mwingi kiasi kwamba idadi yake ina tarakimu 39.

Sasa ujanja wenyewe. Plausible, programu huria ya kuhesabu wageni ambayo kampuni yake imesajiliwa Estonia, hutwanga pamoja chumvi, jina la tovuti, anwani ya IP na maelezo ya kivinjari. Kisha kila baada ya saa 24 chumvi inabadilishwa na ile ya zamani inafutwa. Chumvi ikishafutwa, mwenye tovuti mwenyewe hawezi tena kujua sombe ilikuwa ya nani. Aje askari, aje jaji, mwenye tovuti ashikwe kwa nguvu atoe neno la siri: sombe ya jana haimtaji mtu. Gharama yake ni ndogo. Mgeni wa Jumatatu akirudi Jumanne anahesabiwa kuwa mpya, na watu wawili wenye simu za aina moja, waliopewa anwani moja na kampuni ya simu, wanahesabiwa kuwa mmoja.

Hata kwa kinga hii, siri ya mgeni inaweza kuvujia kwingine. Mwezi Januari 2022 mahakama ya Munich, Ujerumani, iliamuru mwenye tovuti amlipe mgeni euro 100, kwa sababu kurasa zake zilichukua fonti moja kwa moja kutoka Google na hivyo kuipelekea Google anwani ya mgeni huyo bila ridhaa yake. Fonti hizo hizo zingeweza kuwekwa kwenye seva yake mwenyewe.

Tena lipo daftari la seva. Kwenye mfumo wa Debian, Apache na nginx huja zimepangwa kutunza madaftari ya siku 14, anwani zikiwa wazi, hazijatwangwa. Mwenye tovuti aliyeko Katana, Bukavu au kwingineko amwulize leo fundi wake kama daftari hilo lipo na linatunzwa siku ngapi, kisha amwambie afute sehemu ya mwisho ya kila anwani, au asiandike anwani kabisa.